TAHADHARI: Muuzaji akikuambia "zima Defender kwanza", jua unauziwa virusi

Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu na kwenye status za watu. Maneno hubadilika kidogo, bidhaa ni ileile: "Antivirusi ya maisha, Windows na Office original, unalipa mara moja tu." Ukishalipa unatumiwa linki, faili la zip, nywila ya kulifungulia na maelekezo mafupi. Sharti la kwanza kwenye maelekezo hayo huwa halibadiliki: zima Defender (antivirusi inayokuja na Windows yenyewe), kisha bofya faili kwa kitufe cha kulia na uchague "Run as administrator".

Lisome tena taratibu. Mtu anakuuzia ulinzi, na jambo la kwanza analotaka ni umfukuze mlinzi aliyeko getini, halafu umkabidhi yeye funguo zote. Programu iliyopata ruhusa ya "administrator", yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, inaweza kufungua akaunti mpya kimyakimya, kujipanga iamke kila kompyuta inapowashwa, na kumpa Defender orodha ya mahali ambapo hatakiwi kuchungulia.

Wauzaji wana jibu mfukoni: "Antivirusi inakosea tu, yenyewe kila kraki inaiona virusi." Jibu hili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana linauza. Ni kweli Defender huzikamata kraki nyingi (programu za kuvunja leseni) kwa sababu tu ni kraki, na huzipa jina linaloanza na "HackTool". Shida ni kwamba ukishazoea kuipuuza kengele hiyo, huna tena namna ya kujua kama ndani ya zip ileile kuna Trojan pia, yaani kirusi kilichojificha ndani ya programu. Aliyefunga mzigo anajua wewe umeshaambiwa upuuze.

Tazama na mzigo wenyewe ulivyofungwa. Zip ina nywila, mara nyingi 1234 au kitu chepesi kama hicho, na imeandikwa pembeni hadharani. Nywila ya siri gani inayoandikwa hadharani? Haipo kumzuia mtu, ipo ili antivirusi na huduma za barua pepe zishindwe kuona kilichomo ndani. Dalili nyingine ni uzito: zip ya MB 8 ikifunguliwa inatoa faili la exe (programu ya kuendesha) la MB 700. Sehemu kubwa ya faili hilo ni sifuri tupu zilizojazwa makusudi, na sifuri hubanwa zikawa karibu na bure, ndiyo maana zip ni ndogo. Lengo ni kupita kikomo cha VirusTotal, tovuti ya kupimia mafaili, ambayo haipokei faili linalozidi MB 650. Antivirusi nyingine nazo huyaruka mafaili makubwa mno ili zisiilemeze kompyuta.

Kinachoingia kwa njia hii kinajulikana. Kwa miaka mingi kirusi cha STOP/Djvu kimesambazwa kupitia kraki na keygen (programu za kutengeneza funguo bandia za leseni): kinayafunga mafaili yako, kinayabandika kiambishi kipya mwishoni mwa jina, na kinakuachia barua iitwayo _readme.txt ya kudai fidia. Huyo angalau unamwona. Wabaya zaidi ni wezi wa nywila kama Lumma. Microsoft walihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa Lumma kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025. Mwizi wa aina hii hasumbui wala hafanyi kompyuta iwe nzito. Anakusanya nywila ulizohifadhi kwenye brauza pamoja na kuki (kumbukumbu za brauza zinazoonyesha umeshaingia) za akaunti ulizoziacha wazi, anatuma, basi. Kuki hizo ndizo zinazomwezesha kuingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa nywila wala ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa SMS, kwa sababu tovuti inamwona kama wewe uliyekwisha ingia. Hapo ndipo mtu anashangaa: "Nimebadilisha nywila mara tatu na bado wanaingia."

Sasa, kama ulishapigiwa Windows na fundi wa namna hii au umenunua kompyuta iliyotumika, kuna ukaguzi wa dakika tano. Bofya kitufe cha Start kwa kulia, fungua PowerShell au Terminal yenye neno "Admin", kisha andika:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Mabano matupu au nafasi tupu ina maana hakuna kilichosamehewa, yaani hakuna mahali Defender ameambiwa asipakague. Ukiona folda ya Temp, folda ya Downloads, jina la programu usiyoijua au, kama inavyotokea, C:\ nzima, Defender wako ni sanamu. Ataonyesha alama ya kijani kila siku na hagusi kitu humo. Usipoifungua kama "Admin", Windows itakuambia huna ruhusa ya kuona orodha, kwa hiyo usichukulie hilo kama majibu mazuri. Ukishaiona, andika pia:

Get-MpComputerStatus

Tafuta mistari mitatu. RealTimeProtectionEnabled na IsTamperProtected inatakiwa iwe True, na AntivirusSignatureLastUpdated iwe tarehe ya leo au jana. Kama una antivirusi nyingine halali, Defender hujiweka pembeni mwenyewe, hivyo hapo False si kosa. Lakini kompyuta yako binafsi, isiyo ya ofisi, ikikuandikia kwenye Windows Security kwamba mipangilio inasimamiwa na "administrator", na administrator ni wewe, basi huenda kuna mtu alipita kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) akafunga.

Kuhusu leseni, andika slmgr /xpr. Likija jibu la "Volume activation will expire" na tarehe, umewekewa leseni ya KMS. Hiyo ni ya mashirika: inadumu siku 180 na kompyuta hujaribu kuihuisha kila siku 7 kwa kuwasiliana na seva ya shirika husika. Wewe huna shirika, kwa hiyo mara nyingi kuna programu ndani ya kompyuta inayojifanya seva, na ili ifanye kazi ni lazima ibaki humo humo, mara nyingi ikiwa na ruhusa za juu na ikiwa imesamehewa na Defender. Ile "ya maisha" mara nyingi ni kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler (ratiba ya kazi za Windows), imejifunika jina la kawaida kawaida. Jibu la "permanently activated" nalo si cheti cha usafi, maana siku hizi zipo kraki zinazotoa jibu hilohilo.

Na hapa ndipo inapouma. Kompyuta nyingi za kampuni zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama wenyewe. Andika hii uone:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25, una leseni uliyoinunua pamoja na mashine. Huenda fundi alikuwa na flashi moja tu yenye toleo la Pro, mashine yako ni ya Home, ufunguo ukakataa, naye badala ya kupiga Home akaamua kukraki. Umelipia kuibiwa kitu ulichokuwa nacho. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni afadhali, huyu mbuzi alikuwa wako.

Antivirusi ya kampuni kubwa inayouzwa "ya maisha" nayo ina siri fupi. Antivirusi inaishi kwa masasisho, na orodha za virusi wapya hutoka mara kadhaa kwa siku. Iliyokrakiwa inatumia ufunguo ambao kampuni ikiugundua inaufungia, au muuzaji ameziba anwani za kampuni kwenye faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts ili programu isiulizwe leseni. Ikizibwa isiulizwe, mara nyingi na masasisho hayapiti. Unabaki na nembo nzuri kwenye kona ya skrini na orodha ya virusi ya mwaka juzi. Tena kwa kuwa imejisajili kama antivirusi ya mashine, Defender amekaa pembeni kwa heshima. Fungua hilo faili la hosts kwa Notepad: mistari inayoanza na # ni maelezo tu, ila ukiona 0.0.0.0 au 127.0.0.1 ikifuatwa na jina la kampuni ya antivirusi au la Microsoft, umepata ushahidi.

Usidanganywe pia na anayesema antivirusi yake "inaendeleza" Windows 10. Matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Antivirusi haizibi matundu ya mfumo, inamsubiri tu anayepitia tunduni.

Kundi la pili la wauzaji hawa halikai kwenye magrupu, linakurukia kwenye brauza. Unafungua tovuti ya filamu, skrini nzima inageuka nyekundu: kompyuta ina virusi vitano, hii hapa namba ya simu. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuskani diski yako. Asilimia zinazopanda ni katuni, na IP (anwani yako ya mtandaoni) na mji wanaokutajia huonekana na kila tovuti unayoitembelea. Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu. Shikilia Esc kwa sekunde kadhaa skrini itoke kwenye ukubwa kamili, kisha Alt+F4. Ikigoma, Ctrl+Shift+Esc, uiue brauza kwenye Task Manager, na ukiifungua tena usikubali kurudisha kurasa za mwanzo. Maonyo yakiendelea kuchungulia kwenye kona ya chini hata ukiwa hujafungua tovuti, uliwahi kubofya "Allow" mahali. Nenda chrome://settings/content/notifications na ufute kila tovuti usiyoijua.

Ukipiga namba hiyo, atakuomba umruhusu aingie kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali) au programu kama hiyo, kisha atakufungulia Event Viewer (daftari la matukio ya Windows) na kukuonyesha alama nyekundu na njano mamia. Kila kompyuta nzima inazo. DistributedCOM namba 10016, kwa mfano, Microsoft wenyewe wanasema iachwe ilivyo. Biashara hii ya skani za kutisha si ya vichochoroni tu: mwaka 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 baada ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, kuzishtaki kwa kuwatisha watu ili wanunue matengenezo ya kompyuta.

Lingine la kulishika: ukurasa wowote unaokuambia uthibitishe kuwa wewe si roboti kwa kubonyeza Windows+R, halafu Ctrl+V, halafu Enter, ufunge papo hapo. Ulipobofya, ukurasa ulinakili amri bila wewe kuona, na wewe mwenyewe ndiye unayeiendesha. Kizuizi cha brauza hakipati nafasi kwa sababu hakuna ulichopakua.

Kama umeshaendesha zip ya muuzaji, fuata mpangilio huu, maana watu wengi huanzia mwisho. Kata intaneti kwenye mashine hiyo. Chukua kifaa kingine kisafi, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha chagua kuondoa akaunti ("sign out") kwenye vifaa vyote. Bila hatua hiyo ya pili kuki zilizoibwa zinaweza kuendelea kufanya kazi. Ndipo uende kwenye akaunti za fedha na nyinginezo. Usibadilishe nywila yoyote ukiwa kwenye mashine yenye ugonjwa, unakuwa unamsomea mwizi.

Skani ya "Microsoft Defender Offline" inachukua kama dakika 15 na inafanyika kabla Windows haijawaka, hivyo inakamata vinavyojificha. Ifanye ujue kilichokuwepo, ila kwa kraki iliyopewa ruhusa za juu usiishie hapo, piga Windows upya. Kwanza nakili nje nyaraka, picha na PDF tu. Achana na mafaili yanayoweza kuendesha amri: exe, msi, scr, bat, lnk na Excel za xlsm. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya angalau GB 8 kwa Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Usikubali Windows "Lite" au "Gamer" za mtaani. Nyingi zimeshaondolewa Defender na Windows Update ili zionekane nyepesi. Chomoa diski zote za nje kabla ya kuanza kupiga Windows kwa flashi hiyo, futa migawanyo yote ya diski ya mfumo mpaka ibaki "Unallocated Space", chagua toleo lilelile la leseni yako, na ukiulizwa ufunguo bofya "I don't have a product key". Ikiwa leseni imo kwenye ubao mama, mara nyingi itajiamilisha yenyewe ukiunganisha intaneti.

Muuzaji ukimrudia kulalamika, kwa kawaida hakatai. Anakuambia kuna "apdeti", au anaomba namba yako ya AnyDesk ya tarakimu 9 au 10 akurekebishie bure. Usimpe. Na kama aliwahi kuingia hata mara moja, AnyDesk hiyo inaweza kuwa na nywila aliyoiweka ya kuingia bila wewe kubofya chochote, kwa hiyo mpaka utakapopiga Windows upya, mashine ikae bila mtandao.