Miaka miwili na begi la mgongoni la lita 40: uzoefu wangu

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kwa mwaka napanda ndege si chini ya mara 20: Mwanza, Mbeya, Bukoba, Kilimanjaro, mara mojamoja Nairobi au Kigali. Zamani nilitembea na sanduku la magurudumu, gumu, la kufunga kwa namba. Asubuhi moja uwanjani Dar es Salaam mhudumu wa kaunta akalipandisha kwenye mizani, likasoma kilo 9.6. Tiketi niliyokatiwa na ofisi ilikuwa ya bei ya chini, haina mzigo wa kupakiwa chini, mkononi mwisho kilo 7. Nikalipa, na fedha ile haikurudi, kwa kuwa taratibu zetu za safari zinatambua nauli na posho, hazitambui kilo zilizozidi.

Niliporudi nyumbani nikalipima lile sanduku likiwa tupu. Kilo 3.1! Karibu nusu ya haki yangu ilikuwa inaliwa na sanduku lenyewe kabla sijaweka hata soksi. Ndiyo maana nasema anayenunua begi la safari asianze na rangi wala idadi ya mifuko. Aombe mizani dukani, alipime likiwa tupu.

Hili la sasa nililinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000. Ni la nailoni, kilo 1.1, na nilikwenda na futi ya fundi cherehani kulipima: urefu sentimita 54, upana 35, unene 22. Linafunguka lote kama sanduku, huhitaji kuchimbua kutoka juu kutafuta shati. Nyuma, upande wa mgongo, kuna nafasi ya kompyuta mpakato yenye zipu yake, kwa hiyo kwenye ukaguzi wa mashine unaitoa bila kuwaonyesha watu nguo zako za ndani.

Kwa safari ya siku nne mzigo wangu uko hivi: begi 1.1, kompyuta na chaja 1.9, nguo zote kilo 1.8, ndala 0.3, mfuko wa sabuni na mswaki 0.5, pawabenki 0.4. Jumla kilo 6. Siri ya hizo kilo 1.8 za nguo ni kaunda suti. Suti ya koti inataka shati, tai na namna ya kuikunja isivunjike. Kaunda suti haitaki shati ndani wala tai, na popote Tanzania ukiingia nayo ofisini, kuanzia halmashauri hadi benki, umevaa kwa heshima. Moja naivaa, ya pili imo begini, na mashati mawili ya akiba. Viatu vya ngozi navivaa, sivipakii kamwe. Nikienda Mbeya mwezi wa Juni au Julai, baridi ya kule si ya kuchezea, sweta nalivaa toka Dar hata kama jasho linanitoka kwenye foleni.

Nguo nazigawa katika vimfuko vitatu alivyonishonea mke wangu kwa kanga kuukuu. Havina uzito wa kuhesabika, na Kigali, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, sina la kuhofia.

Kilichonisaidia kuliko vyote, lakini, ni kuacha karatasi. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500 na uzito wa kilo 2.5. Nilikuwa nasafiri na majalada ya mwaka uliopita kana kwamba wateja hawana yao! Siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta, na vinavyohitaji sahihi nachapisha hukohuko.

Faida ambayo sikuitarajia niliiona kwenye ndege za panga, ATR 72 na Q400. Makabati ya juu ya ndege hizo ni madogo, na mara nyingi masanduku ya magurudumu huchukuliwa mlangoni, yakapelekwa chini, ukishuka unasubiri. Begi hili nikilibonyeza kidogo linaingia chini ya kiti cha mbele. Miguu inabanwa, sitaficha, na mimi ni mrefu. Kwa safari ya saa moja na nusu navumilia.

Kasoro zipo. Kitambaa hakizuii mvua: Bukoba nilinyeshewa kutoka kwenye ndege hadi jengoni na kaunda suti ya pili ikalowa begani. Tangu hapo, kila ninayemshauri anunue begi la aina hii namwambia anunue na kifuniko cha mvua. Sponji ya mikanda imelala baada ya mwaka, bega la kulia linauma nikitembea nalo zaidi ya nusu saa. Na zipu kubwa ilikatika meno mwezi wa 14 tangu nilinunue.

Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo wenzangu wengi huisahau. Unaondoka Dar na kilo 6, unarudi na 20. Mbeya nina shangazi, na siwezi kufika mjini nisimwamkie. Nikiaga tu, nakuta kiroba cha mchele wa Kyela kiko mlangoni. "Mwanangu, watoto watakula nini?" Kumkatalia haiwezekani na haifai. Nilikuwa nauburuza hadi uwanja wa Songwe nikalipie, mchele wa shangazi ukawa ghali kuliko wa dukani. Sasa naupeleka stendi, naulipia kama kifurushi kwenye basi, namba ya gari naandika kwenye simu, na kesho yake naupokea stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Gharama ni sehemu ndogo sana ya niliyokuwa nalipa, na shangazi nampigia simu umeshafika.

Kwa wanaovuka mpaka: vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa. Pawabenki, kwa safari yoyote ya ndege, ikae mkononi, isipakiwe chini. Yangu ya 20,000 mAh ni kama saa-wati (Wh) 74, ndani ya kikomo cha 100 cha mashirika ya ndege, na nimechagua yenye maandishi yanayosomeka ili mkaguzi asibaki anakisia.

Zipu niliibadilisha kwa fundi mabegi kwa shilingi 8,000, akaweka ya chuma. Imeongeza gramu 60. Nimezipima, bado niko ndani ya kilo 7, na Jumatatu naenda nalo Mwanza.