Soma lebo kabla ya jina: kinga za mgongo na shingo kwa waendesha pikipiki

Fungua zipu ya mfuko wa mgongoni wa jaketi jipya la pikipiki, na mara nyingi utakuta kipande cha sponji chenye unene wa kandambili. Muuzaji atasema jaketi "lina kinga zote". Mabegani na viwikoni huenda ni kweli. Mgongoni, mara nyingi, sponji ile imewekwa ili jaketi likae vizuri kwenye hanga. Haijapimwa popote, na ukiangukia ukingo wa barabara haitakusaidia zaidi ya shati zito.

Usiihukumu kwa ulaini wake tu, lakini. Mabamba ya kinga ya D3O na ya SAS-TEC, majina ya watengenezaji, nayo ni laini ukiyabonyeza polepole, ila hukakamaa papo hapo yanapopigwa kwa kasi. Kidole hakitakupa jibu. Jibu liko kwenye lebo, kwa hiyo litoe bamba lote mfukoni, ligeuze, na utafute mchoro mdogo wa mtu aliyepanda pikipiki pamoja na maandishi EN 1621-2. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha kinga za mgongo. Kisipoandikwa, rudisha bamba mfukoni na uendelee na jaketi jingine, au panga bajeti ya kununua bamba la pekee.

Namna ya kupima ni rahisi kueleza. Chuma cha kilo 5 chenye ukingo mrefu, mfano wa ukingo wa barabara, kinaangushwa juu ya bamba kwa nishati ya juli 50, sawa na kuachiwa kutoka mita moja hivi. Vipimo vilivyo chini ya bamba vinasoma nguvu iliyopenya. Bamba la daraja la 1 linatakiwa kupitisha wastani usiozidi kilonyutoni 18 (kipimo cha nguvu), na pigo lolote moja lisizidi 24. Daraja la 2 ni 9 kwa wastani na 12 kwa pigo moja. Kwa maneno mengine, daraja la 2 linaruhusiwa kupitisha nusu tu ya mzigo wa mwenzake. Tunalipendekeza kwa kila anayeweza kuvumilia unene wake. Anayeendesha kwenye joto kali siku nzima anaweza kuridhika na la 1 lenye matundu mengi, kwa kuwa litavaliwa kila siku, ilhali lile nene litaishia kabatini.

Sasa mtego wenyewe. Kuna EN 1621-1, kiwango cha mabega, viwiko, nyonga na magoti. Humo daraja la 1 linaruhusiwa kupitisha wastani wa kilonyutoni 35. Wapo wanaouza vipande vya mgongo vyenye nembo hiyo, na mnunuzi akiona "EN 1621" na "CE", alama ya bidhaa kutimiza masharti ya Ulaya, anaridhika. Tarakimu ya mwisho baada ya kistari ndiyo ya kukodolea macho: 1 ni viungo, 2 ni mgongo, 3 ni kifua, 4 ni mavazi yenye mfuko wa hewa yanayofyatuliwa kwa kamba.

Kwenye mchoro uleule kuna herufi. FB ni mgongo mzima, pamoja na sehemu ya mabega; CB ni ukanda wa kati tu; LB ni kiuno. Mabamba mengi ya kutumbukiza kwenye jaketi ni CB, na hilo si kosa, mradi ujue kwamba mifupa ya mabega iko nje ya kinga. Pia tafuta T+ na T-. Ya kwanza inamaanisha bamba limepimwa likiwa na joto la nyuzi 40, ya pili likiwa kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Vipimo hivi si vya lazima, na ndiyo maana lebo nyingi hazina. Kwa anayeegesha pikipiki juani na jaketi likiwa juu yake, T+ ina uzito kuliko rangi, jina na matangazo yote, kwa sababu vifaa vya aina ya D3O hulegea vinapopata joto.

Ukubwa hauchaguliwi kwa S, M au L. Mwombe mtu akupime kwa futi kamba kuanzia kiunoni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, hadi sehemu ya juu kabisa ya bega karibu na shingo. Ukipata sentimita 45, tafuta lebo ambayo namba zake zinaizunguka 45, kwa mfano 42–47. Mtu mrefu wa miguu na mfupi wa kiwiliwili akinunua kwa kimo chake atapata bamba linalomsukuma kofia kwa nyuma.

Kisha lijaribu ukiwa umepanda pikipiki. Kusimama mbele ya kioo cha duka hakutoshi. Vaa kofia ngumu, shika usukani, inua uso utazame mbele kama uko mwendoni. Kofia isiguse ncha ya juu ya bamba. Ncha hiyo iishie chini ya ile pingili inayojitokeza ukiinamisha kichwa. Upande wa chini ufunike kiuno bila kusukumwa juu na kiti. Halafu mwambie mwenzako ashike bamba kwa viganja viwili alisukume kushoto na kulia. Likihama zaidi ya upana wa vidole viwili ukiwa umekaa tu, fikiria litakuwa wapi baada ya kuburuzwa lamini mita kumi.

Hapo ndipo mabamba ya kuvaa kwa mikanda yanapoyashinda yale ya mfukoni. Dainese, Alpinestars na Forcefield wote wanayatengeneza, na kinachoyabeba ni mkanda mpana wa kiunoni. Mikanda ya mabegani ni ya kuliweka sawa tu; ukiikaza mno italivuta bamba juu na kukuchosha shingo. Funga kiuno kwanza, vuta pumzi, kisha rekebisha mabega. Bamba la mfukoni lina faida moja kubwa, halisahauliki nyumbani. Lakini linategemea jaketi linalobana. Ndani ya jaketi pana la kitambaa, daraja la 2 linakuwa daraja la bahati.

Kuhusu maganda magumu dhidi ya mabamba laini, ugomvi ni mkubwa kuliko tofauti. Ganda gumu la plastiki husambaza pigo la jiwe lenye ncha na huteleza vizuri kwenye lami. Baadhi, kama Wave ya Dainese, yana sega la aluminiamu ndani linalosagika ili kumeza nishati, na likishasagika kazi yake imekwisha hata kama kwa nje halionyeshi ufa. Mabamba laini hukaa mwilini vizuri zaidi na hayapigi kelele chini ya jaketi. Tungechagua laini kwa safari za kila siku.

Jambo moja wauzaji hawalitaji: bamba la mgongo linazuia pigo la moja kwa moja. Uti wa mgongo huvunjika pia kwa kukunjwa, kusokotwa, au kushindiliwa pale mtu anapotua kwa kichwa, bega au makalio. Dhidi ya hayo bamba lina uwezo mdogo sana. Linakukinga na ukingo wa barabara, nguzo, mawe, na kitasa cha gari, na linazisaidia mbavu na misuli. Hiyo ni sababu tosha ya kulivaa, lakini pesa yako yote isiishie hapo.

Shingoni kuna bidhaa za aina mbili zinazofanana kwa mbali tu. Kola ya sponji inayozungushwa shingoni hupunguza uchovu. Usiihesabu kuwa kinga. Kola ngumu ni kitu kingine. Iliyojulikana zaidi ni ya Leatt, iliyobuniwa na Chris Leatt, daktari wa Afrika Kusini. Inafanya kazi hivi: kichwa kikitupwa kupita kiasi, ukingo wa chini wa kofia unakutana na kola kabla shingo haijafika mwisho wake, na mzigo unahamia kifuani, mabegani na mgongoni. Ndiyo maana inadai kofia ya uso mzima. Kofia ya uso wazi haina ukingo wa kidevu wa kukutana nayo.

Kola hizi hazina kiwango chao cha EN chenye madaraja kama mabamba, kwa hiyo alama ya CE juu yake haikuambii imepitisha kilonyutoni ngapi. Kinachobaki mikononi mwako ni mkao. Mkono wa nyuma wa kola ulale sambamba na uti wa mgongo bila kuning'inia hewani. Sehemu ya mbele ikae juu ya kifua, isiegemee mtulinga. Ukiwa na kofia, geuza kichwa uangalie mabega yote mawili, kisha tazama juu na chini. Mwendo wa kawaida uwe huru, na kofia iguse kola pale tu unapokaribia mwisho. Kama inagusa mapema, badilisha pini za marekebisho. Kama haigusi kabisa, umevaa pambo. Bamba la mgongo lenye ganda nene likiwa chini yake huisukuma kola mbele, hivyo nunua vyote viwili pamoja au nenda na kimoja ukajaribu kingine.

Kwa mbio za vumbi na njia za porini, ambako unaendesha umenyooka, tunaiunga mkono. Kwa pikipiki ya michezo ambayo unailalia tangi, hapana: kisogo cha kofia kitagonga kola na hutaona mbele, na suti ya ngozi yenye nundu mgongoni haitakubali kukaa nayo.

Kwa barabara, kizibao chenye mfuko wa hewa ndicho kinachostahili pesa baada ya bamba. Chini ya EN 1621-4 daraja la 1 linapitisha wastani wa kilonyutoni 4.5 na la 2 ni 2.5. Linganisha na 9 ya bamba bora. Katika MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya pikipiki, mfumo huu ni lazima tangu 2018. Ila usidhani kila kizibao kinashika shingo. Turtle ya Helite inajaa hewa hadi kuzunguka shingo na ina bamba la SAS-TEC la daraja la 2 mgongoni. Tech-Air 5 ya Alpinestars inafunika mgongo, kifua, mbavu na mabega, lakini shingo haimo.

Kizibao cha kamba hufyatuka pale mwili unapoachana na pikipiki. Udhaifu wake uko hapohapo: ukigonga gari uso kwa uso, kifua kinaweza kufika kabla ya kamba kukazwa. Cha elektroniki hakingoji uachane na pikipiki, na hujaa haraka zaidi, lakini kinataka chaji, kusasishwa programu, na aina nyingi zinarudishwa kwa fundi zikishafyatuka. Kamba ifungwe kwenye fremu chini ya kiti, wala si kwenye usukani. Simama juu ya vikanyagio: isivutike. Kaa: isifike kwenye tairi au mnyororo. Ukivaa kizibao ndani ya jaketi, acha nafasi ya kutosha ya kujaa hewa, la sivyo mbavu zako ndizo zitakazobanwa. Na begi la mgongoni juu yake ni marufuku.

Kwa matunzo, bamba lioshwe kwa kitambaa chenye sabuni nyepesi; mashine na petroli huliharibu. Likipata pigo kubwa, badilisha. Silinda ya kaboni dioksidi ya kizibao cha kamba itoe mara moja kwa mwaka na uipime kwenye mizani ya jikoni. Aina nyingi zimechongwa uzito wake ubavuni, na ikipungua kuliko maandishi, gesi imevuja na silinda hiyo ibadilishwe kabla ya safari inayofuata.