Kozi ya kujiandaa kwenda anga za juu: sentrifuji safi sana, ila kiti cha kuzunguka mmeharakisha

Nimemaliza kozi ya siku mbili ya abiria binafsi wanaojiandaa kwenda anga za juu, nawapa nyota 4 kati ya 5.

Sentrifuji peke yake ingetosha. Ni ile mashine yenye mkono mrefu, mwishoni kuna kijichumba, unalala chali unafungwa mikanda halafu inakuzungusha na uzito unapanda. Mi nina kilo 70, sasa kwenye 4G (yaani mara nne ya uzito wa kawaida) ni kama mwili umekua kilo 280, mashavu yanavutika nyuma, machozi yanakimbilia masikioni, na shida kubwa ni pumzi maana ukiitoa yote kuivuta tena ni kazi kwelikweli. Mkufunzi alikua ananiongelesha kwenye spika kwa upole kabisa, kaza kifua, vuta kwa tumbo, pumzi fupi fupi, usigeuze kichwa. Raundi ya kwanza nilihangaika aisee, ya tatu nikawa namjibu. Hiki kitu hata ukisoma vipi hukielewi mpaka mwili wenyewe ufundishwe.

Ndege ya kuzoea kuelea bila uzito nayo tamu, inapanda mkao wa mlima halafu inainama, mnaelea kama sekunde 20 tu kisha uzito unarudi karibu mara mbili. Wote tulianza kupiga mateke kama tunaogelea, mi nilimpiga mtu begani, baadae ndo tukajua ncha ya kidole ukutani inatosha kukupeleka.

Suti na darasani sawa tu.

Sasa hiki kiti cha kuzunguka. Unafumba macho, kinazunguka, unaambiwa inamisha kichwa, inua, yaani maji ya sikio la ndani yanavurugika na tumbo linafuata. Kwa anayeenda safari ya dakika 10 na kurudi, dakika tano za kiti sio mbaya, lakini kwenye obiti, yaani ukikaa huko juu unaizunguka dunia, kichefuchefu kinawapata wengi siku za mwanzo, na Dennis Tito, mtalii wa kwanza kujilipia kwenda anga za juu, kabla ya kuruka 2001 alijifua miezi kadhaa kule Star City, kituo cha mafunzo ya wanaanga Urusi. Kwenye kundi letu kulikua na mama mmoja anaenda kukaa siku kadhaa huko juu, akapewa dakika tano zilezile kama mimi. Alishuka ameshika ukuta, nikamuuliza mkufunzi kama kesho yake atarudia, akasema ratiba imejaa.