Chasisi za gokati (vigari vidogo vya mbio) kwa njia za vumbi: ipi inafaa wapi, na nini cha kupima kabla ya kutoa pesa

Kabla ya kuuliza bei, ujue njia yako ina kona za upande gani. Kama ni duara la udongo ambalo magari huzunguka kwa kushoto tu, kama ilivyo desturi Marekani, chukua chasisi iliyoegemea kushoto, yaani ile ambayo kiti kimesogezwa kushoto mwa mstari wa kati na mabomba ya upande mmoja hayafanani na ya upande wa pili. Kama njia ina kona za pande zote mbili, chukua chasisi ya pande sawa, ya jamii ile ile inayokimbia kwenye lami. Ukikosea hapa hakuna spana itakayokuokoa. Chasisi ya kuegemea kushoto ikiingia kona ya kulia inakuta uzito mwingi tayari uko upande wa nje, na magurudumu ya ndani yanaanza kuelea.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba gokati haina difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na lazima yazunguke pamoja, ilhali kwenye kona la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwenye lami, chasisi ya pande sawa hujikwamua kwa kujipinda: ukikata usukani, kasta ya mbele (mwegemeo wa kuelekea nyuma wa pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) inainua kidogo gurudumu la ndani la nyuma, gari linakata kona. Kwenye vumbi mshiko mara nyingi hautoshi kuifanya chasisi ijipinde kiasi hicho. Kwenye duara kazi hiyo wamepewa matairi: la nyuma kulia huwa na mzingo mkubwa kuliko la nyuma kushoto, gari likawa kama koni inayobingirika kwenda kushoto yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, upana wa nyuma mita 1 kati ya tairi na tairi, na tairi la kushoto lenye mzingo wa milimita 850. La nje linapita kwenye duara la mita 15.5, la ndani mita 14.5, tofauti ya mzingo inayotakiwa ni kama milimita 59. Kona ikiwa pana, ya mita 25, inashuka hadi 35 hivi. Watu wengi huweka pungufu ya hesabu, kwa sababu kwenye mnyoofu tofauti hiyo hiyo inavuta gari kushoto na kula mwendo. Pima mzingo kwa tepu laini baada ya kujaza upepo, maana upepo ukibadilika na mzingo unabadilika.

Sasa chasisi yenyewe ya kuegemea kushoto. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inajibu mizani. Unahitaji mizani nne, sakafu iliyo sawa (tofauti ya milimita 2 chini ya gurudumu moja inatosha kuharibu namba zote), dereva aketi na kofia na nguo zake, mikono kwenye usukani, mafuta kama yatakavyokuwa mwisho wa mbio. Gari na dereva vikiwa kilo 160, mpangilio wa kuanzia unaokubalika ni huu: mbele kushoto 34.5, mbele kulia 36, nyuma kushoto 57, nyuma kulia 32.5. Hapo upande wa kushoto una asilimia 57, pua ina 44, na mshazari wa mbele kulia na nyuma kushoto una 58. Chasisi nzuri inakuruhusu kufika huko kwa kusogeza kiti na kubadilisha washa za stabu za mbele (vijiekseli vifupi vinavyobeba magurudumu ya mbele), bila kufunga vipande vya risasi, yale madini mazito, kila mahali. Kama ili ufike asilimia 57 unalazimika kuongeza kilo 8 za risasi upande wa kushoto, kiti kimekaa pabaya au chasisi hiyo ni ya dereva wa umbo lingine.

Mshazari ndio utakaoushughulikia zaidi siku ya mbio, kwa sababu njia ya udongo haikai ilivyo. Asubuhi imemwagiwa maji, inashika. Alasiri imekauka na kung'aa kama sakafu ya saruji. Kwa kawaida mshazari ukizidi, pua inakataa kuingia kona. Ukipungua, mkia unatoka. Kwa hiyo angalia mbele ya chasisi kwa makini: je, kemba (mwinamo wa gurudumu kwa upande; hasi ni juu likiegemea ndani) na kasta zinarekebishika kila upande peke yake? Kwenye duara mbele kulia huhitaji kemba hasi ya digrii 3 hivi, na kasta yake huzidi ya kushoto kwa digrii 2 hadi 4. Chasisi yenye mabano yaliyochomelewa bila nafasi ya marekebisho ni nafuu, na inafaa kwa anayejifunza, lakini siku njia ikibadilika utabaki na upepo wa matairi tu.

Chasisi ya pande sawa inapata sifa tofauti. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma huwa kama milimita 1050 (za watoto 950), mabomba ya milimita 30 au 32, na vipuri vyake ni vingi. Kwenye vumbi udhaifu wake ni tumbo: imetengenezwa kwa lami laini, hivyo iko chini mno. Matuta na mashimo yanasugua mabomba. Inua mbele na nyuma kwa nafasi zilizopo kwenye stabu na kwenye vishikio vya beringi, pande zote kwa kiasi kimoja, halafu rudi kwenye mizani. Toboa na trei ya sakafu matundu ya kutolea tope. Tope linalobaki ndani ni kilo ambazo hukuzipanga, na hukaa popote linapotaka.

Kiti kinaharibu chasisi nyingi kuliko ajali, kwa aina zote mbili. Matundu yasipolingana, watu huvuta kiti kwa bolti mpaka kifike. Hapo umeshaipinda chasisi kabla haijagusa njia, na namba za mizani zitabadilika kila ukilegeza nati moja. Kiti kinatakiwa kikae bila kulazimishwa. Pengo lijazwe kwa washa.

Ya mtumba inaweza kuwa biashara bora kuliko mpya, kwa sharti upime. Rangi mpya inayong'aa kwenye chasisi kuukuu ni sababu ya kuuliza maswali. Chukua vernia (kipimo cha taya cha kupimia unene), pima bomba kuu chini ya kiti, kwanza kwa mlalo kisha kwa wima. Ikiwa mlalo ni 32 na wima ni 31, milimita moja imesagwa na ardhi. Ukuta wa bomba huwa kama milimita 2, kwa hiyo nusu ya chuma imekwisha mahali hapo. Achana nayo. Halafu weka rula mbili ndefu zilizonyooka, moja juu ya mabomba ya mbele na nyingine ya nyuma, uinamie nyuma na kuzitazama kwa jicho moja. Zisipokuwa sambamba, chasisi imejipinda. Kupima mshazari kwa tepu, kutoka kingpini (pini ambayo stabu hugeukia) ya upande mmoja hadi kishikio cha beringi cha upande wa pili, kunafaa kwa chasisi ya pande sawa. Ile ya kuegemea kushoto haitalingana hata ikiwa mpya, hivyo dai vipimo vya mtengenezaji.

Nyufa hujificha kwenye vishikio vya beringi, miguu ya kiti, mabano ya kingpini na nguzo ya usukani. Safisha, paka mafuta ya taa, acha dakika chache, futa pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa utatoa mafuta na kujichora mstari mweusi juu ya weupe. Ufa uliokwisha kuzibwa kwa kulundika weldingi nene ya fimbo ni mbaya kuliko ufa wazi: mabomba haya mara nyingi ni ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni), membamba, na joto kubwa linaufanya ukingo wa weldingi kuwa mgumu na mwepesi kukatika. Utakatika tena, sentimita moja pembeni.

Mwisho zungusha ekseli. Toa cheni, legeza skrubu za beringi zote, zungusha kwa mkono. Iende bila kukwama. Kaza beringi moja moja. Ikianza kugoma ukikaza ya tatu, vishikio haviko kwenye mstari mmoja, na kubadilisha beringi hakutasaidia. Kipenyo cha ekseli nacho kinaamua utanunua nini maisha yote ya gari hilo: habu (kitovu kinachofunga gurudumu kwenye ekseli), kibeba sproketi na kibeba diski ya breki vyote vinafuata kipenyo hicho. Za duara za Marekani ni inchi 1¼, yaani milimita 31.75, za pande sawa za watu wazima siku hizi ni 50, na nyingine za zamani 40. Muuzaji akikuambia habu ya 32 "itaingia tu", itaingia kweli, na italegea kwenye kona ya kwanza ya nguvu.