Tunic: mchezo nilioupenda mpaka uliponinyang'anya kila kitu

Hakuna mchezo wa video uliopata kuniudhi kama Tunic, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hadi uliponinyang'anya nguvu zangu nilikuwa nikiusifu kwa kila mtu. Mbweha mdogo mwenye kanzu fupi ya kijani anaamka ufukweni mikono mitupu, na yeyote aliyewahi kucheza The Legend of Zelda ya mwaka 1986 anajua papo hapo ametoka ukoo gani.

Uzuri wake mkubwa ni kitabu cha maelekezo. Kurasa zake zimetawanyika ndani ya mchezo wenyewe, nawe unaziokota moja moja. Maandishi yake mengi ni ya herufi za kubuni zisizosomeka, na pembeni mna alama za kalamu za mtu aliyekitumia kabla yako. Zelda ile ya zamani nayo ilikuja na kijitabu na ramani isiyokamilika, kisha ikakuachia kazi. Msitu wake wa kupotea haukukupitisha mpaka uelekee kaskazini, magharibi, kusini, halafu magharibi tena, na siri hiyo ulilazimika kuinunua kwa bibi kizee pangoni. Andrew Shouldice, mtunzi wa Tunic, ameielewa raha hiyo barabara: katika mchezo wake pia ipo milango inayofunguka kwa kubonyeza pande kwa mpangilio maalumu, na uwezo huo unao vidoleni tangu mwanzo bila kujua.

Sasa nifike kwenye udhia. Baada ya kuhangaikia funguo tatu, nilikutana na Mrithi, adui mkuu wa mchezo, akanipiga, nikafa, na nilipozinduka nilikuwa mzimu katika dunia ya usiku, huku nguvu zote za kushambulia, kujilinda na kuhimili nilizozichuma kwa jasho zikiwa zimefutwa. Huu ni uonevu! Katika Zelda ya 1986 ukifa unarudishwa na mioyo mitatu tu ya uhai iliyojaa, lakini upanga, bumerangi na kila ulichokipata vinabaki vyako. Mchezo wa zamani ulikuwa mkali, ila kifo hakikumwibia mchezaji vifaa vyake. Usiku ule niliapa kwamba Tunic haustahili hata kutajwa pamoja na mzazi wake.

Hata hivyo nilirudi, kwa sababu ya zile kurasa. Ukizikamilisha zote, unaweza kumkabidhi Mrithi kitabu chenyewe, na upanga hautumiki kabisa. Nililia. Mwisho huo unaupita ule wa Zelda, ambako ni lazima adui mkuu, Ganon, auawe, na hilo nalisema nikiwa bado na hasira, maana naamini wapo wengi waliokata tamaa pale walipogeuzwa mzimu bila kuuona. Kwa hiyo ukichoshwa na mapigano, washa ile hali ya kutokufa iliyomo kwenye mipangilio, tena bila aibu, uendelee kuokota kurasa.