Mafuta na Krimu za Kovu Baada ya Kuondolewa Saratani ya Ngozi: Kipi Kinastahili Fedha Yako?

Watazamaji wangu, karibuni. Nazungumza nanyi kutoka Moshi, na bidhaa nilizozipanga hapa mezani zote zinauzwa kwa ahadi moja, kwamba zitalainisha kovu la upasuaji. Leo nazichambua kwa ajili ya yule aliyeondolewa saratani ya ngozi usoni, shingoni au mkononi, akarudi nyumbani na mshono, na sasa kila jirani anamletea kopo lake. Nasema kwanza na ndugu zetu wenye ualbino, kwa kuwa ndio wanaoshambuliwa zaidi na saratani hii nchini kwetu, ingawa maelezo haya yanamfaa yeyote aliyeshonwa.

Kovu halikomai upesi. Ngozi hufunga ndani ya wiki chache, lakini nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, zilizo chini yake huendelea kujipanga kwa mwaka mzima na wakati mwingine zaidi, na hata zikishatulia, ngozi ile haipati tena zaidi ya asilimia 80 hivi ya nguvu iliyokuwa nayo mwanzo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba krimu yake itafuta kovu kwa wiki mbili, usibishane naye; mwachie krimu yake.

Naanza na kopo la bei ndogo kuliko yote, yaani mafuta ya mgando, yale meupe yasiyo na manukato wala mentoli. Wengi wetu tumelelewa na imani kwamba kidonda kiachwe kikauke, au kimwagiwe unga wa kapsuli za rangi mbili. Ukweli ni kwamba gamba kavu huzichelewesha chembe mpya za ngozi zinapotambaa kufunika kidonda, ilhali tabaka jembamba la mafuta huzirahisishia njia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliwahusisha wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji wa ngozi: baadhi walipakwa mafuta haya matupu, wengine marhamu ya antibayotiki iitwayo basitrasini. Waliopata maambukizi walikuwa asilimia 2 kwa mafuta na asilimia 0.9 kwa basitrasini, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito, na hakuna hata mmoja wa kundi la mafuta aliyepata mzio wa ngozi kutokana nayo. Nunua kopo lako mwenyewe, lisiwe lile la familia linalochotwa na kila mkono, na unawe kabla ya kupaka.

Chupa ya pili ni mafuta ya vitamini E, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo bidhaa inayosifiwa kuliko zote. Mwaka 1999 watafiti wa Miami waliwachukua watu 15 waliokuwa wametoka kuondolewa saratani ya ngozi, wakaligawa kila kovu sehemu mbili: upande mmoja mafuta ya kawaida, upande wa pili mafuta yaleyale yaliyochanganywa na vitamini E. Katika asilimia 90 ya makovu, vitamini E haikuleta nafuu yoyote au ililifanya kovu liwe baya zaidi, na theluthi ya washiriki walipata mzio, ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Kundi lilikuwa dogo, nakubali, lakini ni watu wenye mshono wa aina ileile tunayoizungumzia. Mimi siipendekezi. Jeli za dondoo la kitunguu nazo zimepimwa dhidi ya mafuta ya mgando na hazikuyashinda, kwa hiyo sitapoteza muda wenu.

Silikoni, inayouzwa kama kibandiko au jeli ya kuweka juu ya kovu, ni habari nyingine. Jopo la kimataifa la wataalamu wa makovu liliiweka mwaka 2002 miongoni mwa tiba za kuanza nazo, kwa kuwa huzuia unyevu usitoroke juu ya kovu na hivyo kupunguza uzalishaji wa kolajeni ya ziada. Hata hivyo majaribio mengi yaliyofanywa yalikuwa madogo, na bei yake kwetu si ya mchezo. Ndiyo maana nashauri inunuliwe na mtu ambaye makovu yake huinuka, au anayeona kovu limeanza kunyanyuka na kuwa gumu. Isiwekwe kabla nyuzi hazijatolewa na kidonda kufunga kabisa. Baada ya hapo ikae angalau saa 12 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu. Kwa bega au kifua, kibandiko kinachooshwa na kurudiwa kinafaa; kwa uso, hasa katika joto la Moshi la Januari na Februari, jeli inavumilika zaidi. Kovu likishavuka mipaka ya mshono, hilo ni keloidi, na hapo daktari huchoma sindano ndani ya kovu. Krimu pekee haitatosha.

Mkorogo na krimu za kung'arisha, tafadhali, zisiguse kovu. Steroidi, dawa kali ambayo mara nyingi hufichwa ndani yake, huidhoofisha ngozi iliyokwisha kudhoofika.

Kinga ya jua ndiyo ningeilipia kabla ya silikoni, kwa sababu mionzi hulitia kovu weusi na pia huandaa saratani nyingine pembeni yake. Chagua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, upake kidonda kikishafunga, na urudie kila saa mbili ukiwa nje, pamoja na kofia pana. Kwa watu wenye ualbino ipo Kilisun, iliyoanzia hapahapa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC.

Lolote utakalopaka, lisikuzuie kulitazama kovu lenyewe. Kila unapoondoa silikoni au kunawa, likague na ulipapase kwa kidole. Ukiona kinundu kipya, gamba lisilobanduka, kidonda kisichofunga au damu inayotoka bila sababu, rudi kliniki bila kungoja tarehe uliyoandikiwa, na uende na kopo unalotumia ili daktari asome lebo yake.