Uzoefu wangu na seti ya behewa la mizigo, skeli ya HO

Seti niliyonunua ni ya kuunga mwenyewe behewa la treni ya mfano, aina ya sanduku la futi 40, lile la Kimarekani lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Kwa skeli ya HO (1:87, yaani dogo mara 87 kuliko halisi) linatoka na urefu wa sentimita 14 hivi, na hupita kwenye reli zilizoachana milimita 16.5. Bodi imekuja na rangi yake tayari, na maandishi yamechapwa safi kiasi kwamba hata yale madogo yanasomeka kwa lenzi. Kazi inayobaki ni ya upande wa chini: sakafu, breki, bogi (fremu zinazobeba magurudumu) na koplingi (viungio vya behewa na behewa).

Breki ndizo zimenipendeza kuliko vyote. Tangi la hewa, silinda na vali vimetengwa kila kimoja peke yake, kama kwenye behewa halisi. Ila mchoro wa maelekezo ni mdogo mno, na hauonyeshi mabomba yanaunga wapi. Kwa atakayetaka kuyaongeza kwa waya mwembamba: moja hutoka bomba kuu kuingia kwenye vali, mawili huenda tangini, na moja huenda kwenye silinda. Haya hayaonekani behewa likiwa relini, lakini mimi nayapenda yawepo.

Kwenye uzito mtengenezaji amebana. NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano, kinapendekeza wakia 1, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa hili ni kama gramu 106. Bati la uzito lililomo kwenye boksi halifikishi hapo, na behewa jepesi huruka reli kwenye kona likivutwa katikati ya msafara mrefu. Nimegandisha nati sakafuni kwa ndani, kabla ya kufunga paa, hadi mizani ikakubali.

Skrubu za bogi zina siri yake. Bogi moja ikazwe kiasi cha kuzunguka tu bila kuyumba, ya pili iachwe icheze kidogo kushoto na kulia. Hapo behewa linatulia kama stuli ya miguu mitatu, na magurudumu yote yanashika reli hata penye bonde.

Magurudumu ya plastiki nimeyatoa nikaweka ya chuma, maana ya plastiki hukusanya uchafu haraka. Koplingi pia nimebadilisha, nimefunga za kampuni ya Kadee, namba 5. Pima kimo chake kwa geji ya koplingi. Ikiwa chini, weka washa (pete bapa) nyembamba juu ya bogi. Angalia na kile kijiti kilichopinda chini ya koplingi, kwani kikishuka sana kinanasa kwenye njia panda za reli.

Seti naipendekeza kwa mtu mwenye subira. Nitachukua nyingine, ile ya wazi ya kubebea makaa, ila magurudumu ya chuma na koplingi nitaagiza papo hapo.